Nani Mlinzi wa Maji ya Ndugu Yake?

Katika parokia zetu za mwambao wa Tanganyika, kutoka Baraka mpaka Uvira na chini mpaka Kalemie, kuna swali ambalo hurudi kila kipindupindu kinapoamka. Watu wa afya wakija uani kutazama choo, wakitia dawa katika bidoni ya maji, wakikataza jamaa wasimwoshe maiti wao, wengine hunung'unika: "Hawa wametoka wapi hata watuamuru nyumbani mwetu?" Na juma la pili, wagonjwa wakiwa wengi, hunung'unika kinyume: "Watu wa afya wako wapi? Mbona wanatuacha tufe?" Mara nyingi ni vinywa vile vile. Tunataka kulipima swali hilo polepole, maana ndani yake mna jambo la dhamiri, wala si jambo la dawa peke yake.

Kwanza tujue tunasema habari gani. Kipindupindu kilifika mashariki ya Kongo mwishoni mwa miaka ya 1970, na tangu hapo hakikuondoka kabisa. Mwaka 2008 mtaalamu Mkongomani, Didier Bompangue, pamoja na wenzake, walionyesha kwamba pande za kando ya maziwa makubwa ndiko ugonjwa unakodumu, kisha hutoka huko kwenda mbali. Wavuvi huhama kambi kufuata ndagala, wachuuzi huvuka na mitumbwi, watu hukimbia vita, na ugonjwa husafiri nao. Mwezi Mei 2015, wakimbizi wa Burundi walipokusanyika kwa makumi ya maelfu katika kijiji cha Kagunga, ng'ambo ya ziwa, upande wa Tanzania, kipindupindu kiliwavamia pale pale ufukoni. Wazee wengine wanakumbuka Goma ya Julai 1994.

Asili yake ni mdudu mdogo asiyeonekana kwa macho. Hutoka katika choo cha mgonjwa na kuingia katika kinywa cha mzima kwa njia ya maji, ya chakula au ya mikono. Dalili huonekana baada ya saa chache, au baada ya siku, hata tano. Maji ya mwili hutoka kama maji yaliyooshea mchele, na mgonjwa mkali aweza kufa katika siku moja. Katika wagonjwa wakali wasiotibiwa karibu nusu hufa. Lakini wakipewa mapema maji yenye chumvi na sukari kwa kipimo chake, au maji ya mshipa kama wamelegea sana, karibu wote hupona. Katika mia hafi hata mmoja. Tuweke hesabu hiyo akilini, kwa kuwa ndiyo inayolifanya jambo hili kuwa la dhamiri. Mtu akifa kwa ugonjwa usio na dawa, tunalia na kumwachia Mungu. Mtu akifa kwa ugonjwa unaozuilika kwa chumvi, sukari na maji safi, lazima mtu aulizwe.

Nalo ziwa letu hutudanganya. Lina urefu wa kilometa 673 na kina cha meta 1,470, na penye mawe maji yake ni meupe hata waona chini. Mtu anayeyaona hawezi kusadiki kwamba yana kitu.

Tena kuna jambo la kutisha zaidi. Katika watu wanaommeza mdudu huyo, wengi hawaugui kamwe, au huharisha kidogo tu na kusahau, lakini humtoa chooni siku kadhaa. Basi mtu mwema, aliyeungama Jumamosi na kukomunika Jumapili, aweza kujisaidia kando ya mto Jumatatu, na mtoto wa jirani akafa kabla ya juma kwisha, naye asijue. Je, ametenda dhambi? Walimu wa maadili hufundisha kwamba hakuna dhambi pasipo kujua na kutaka. Ni kweli. Lakini walimu hao hao hufundisha kwamba kutojua ni kwa namna mbili: yuko asiyeweza kujua, na yuko asiyetaka kujua. Babu zetu hawakuweza. Sisi tumeambiwa shuleni, redioni, sokoni na hata kanisani. Aliyekwisha kuambiwa, akajibu kwamba ziwa ni la Mungu na halina uchafu, hawezi tena kujifunika kwa kutojua kwake. Amri ya tano haikatazi panga na bunduki tu.

Kaini alipoulizwa habari za ndugu yake alijibu kwa kuuliza kama yeye ni mlinzi wake. Tumezoea kuhubiri juu ya damu ya Abeli. Leo tulitazame neno lile "mlinzi". Kumlinda ndugu juu ya adui anayeonekana, kila mtu aweza: ukiona chui wapiga kelele. Lakini nani atamlinda ndugu yake juu ya adui anayepita katika mikono safi na maji meupe? Mtu mmoja peke yake hawezi. Mama aliye Baraka anaona mtoto wake mmoja anaharisha. Hajui kwamba mtaa wa pili wameharisha kumi na wawili tangu alfajiri, na kwamba wote walichota mahali pamoja. Ili jambo hilo lijulikane, lazima awepo mtu wa kuhesabu, wa kulinganisha mtaa na mtaa, na wa kutoa mbiu. Hapo ndipo ilipoanzia ofisi ya afya ya mahali. Huona kwa niaba ya wote kile ambacho mmoja mmoja hawezi kukiona, na kutibu huja baadaye.

Habari moja ya mji wa London yaonyesha hayo vizuri. Mwisho wa Agosti 1854 kipindupindu kililipuka katika mtaa wa Soho, na katika siku kumi hivi watu zaidi ya 500 walikufa. Daktari John Snow aliwafuata wafu nyumba kwa nyumba, akaona kwamba wengi walikunywa maji ya pampu moja, ya Broad Street. Akaenda kwa halmashauri ya parokia ya St James, kwa kuwa siku zile katika Uingereza parokia ilikuwa pia serikali ya mtaa, yenye kuwatunza maskini na kuangalia visima. Wazee wale hawakusadiki sana maneno yake; hata hivyo tarehe 8 Septemba waliuondoa mpini wa pampu. Padri mmoja kijana wa Kianglikana, Henry Whitehead, naye hakusadiki, akaanza kupita katika nyumba ili ampinge daktari. Aliwajua watu wake, walimfungulia mlango, walimwambia wasiyomwambia mgeni. Na kadiri alivyouliza aliona kwamba daktari alisema kweli. Ndiye aliyemgundua mtoto mchanga aliyeugua kwanza. Maji ya nepi zake yalimwagwa katika shimo la uchafu lililo karibu kabisa na kisima, na shimo lile lilikuwa likivuja. Miaka thelathini hivi ilipita kabla Robert Koch hajamthibitisha mdudu mwenyewe.

Twaipenda habari hiyo kwa sababu mtu wa Kanisa aliyemo ndani yake alikwenda na daftari, akakubali kwamba alidhani vibaya. Wazee wa parokia nao hawakungoja kujua yote. Waliona hatari, wakatenda kwa busara kwa kadiri ya walichojua.

Kwetu Kongo ofisi hiyo yaitwa zoni ya afya. Kabla haijawa utaratibu wa nchi nzima ilijaribiwa mahali mahali, kama Kasongo katika Maniema jirani yetu, na Bwamanda na Kisantu, na katika baadhi ya majaribio hayo wamisionari walikuwa na mkono. Katika miaka ya 1980 nchi iligawanywa katika zoni 306. Baadaye zikafika 519. Fizi, Nundu na Kimbi-Lulenge ni majina ya zoni za pande hizi. Zoni ina daktari mkuu na ofisi yake, ina hospitali, ina maeneo ya afya yenye santre zake, na chini kabisa wapo reko, watu wa kijiji wanaojitolea kupita nyumba kwa nyumba. Kila juma hesabu ya wagonjwa hukusanywa na kupelekwa jimboni. Wengi hudhani zoni ni jina jingine la hospitali. Sivyo. Hospitali ni chombo kimoja tu mkononi mwa zoni.

Sasa, je, ofisi hiyo ina haki ya kutuamuru? Mtakatifu Tomaso wa Akwino alifundisha kwamba sheria ya kweli ni agizo la akili, kwa faida ya wote, lililotolewa na yule mwenye kuwatunza watu, na likatangazwa. Tupime amri ya kutojisaidia kando ya maji. Ina akili? Ndiyo, tumekwisha kuona. Ni kwa faida ya wote? Ndiyo, hata ya yule anayekatazwa. Imetolewa na mwenye kutunza? Ndiyo. Basi yafunga dhamiri, wala haifungi kwa sababu ya faini tu. Hata Sheria ya Musa ilimwagiza mtu wa kambini achukue kijiti, aende nje, achimbe na kufukia. Na kuhani ndiye aliyemtazama mwenye ukoma na kumtangaza. Wayahudi hawakuona kwamba Mungu anajishusha akisema habari za choo.

Lakini sharti la nne, la kutangazwa, ndilo linalosahauliwa sana na wenye ofisi. Kutangaza si kubandika karatasi ya Kifaransa mlangoni pa santre. Kutangaza ni kuwaeleza watu kwa lugha yao, kwa Kibembe, kwa Kifuliiru, kwa Kinyamulenge, kwa Kiswahili, hata wafahamu sababu. Mtu aliyeamriwa bila kuelezwa hutii mbele ya askari, kisha hurudi mtoni usiku. Tunasema kwamba afisa anayeamuru bila kueleza ameifanya nusu ya kazi yake, na nusu aliyoiacha ndiyo iliyokuwa ngumu.

Lililo zito kuliko yote ni maiti. Hapa tunaomba msomaji atuvumilie kidogo, kwa kuwa tumeona ukoo unagawanyika kwa jambo hili.

Mwili wa aliyekufa kwa kipindupindu huendelea kutoa maji, na maji hayo yamejaa mdudu. Mashangazi na dada wanamwosha kwa machozi na mapenzi, kisha wanakwenda jikoni kuwapikia waombolezaji, na kilio kimoja huzaa vilio vitatu. Kwa hiyo watu wa zoni huagiza kwamba maiti aoshwe kwa dawa na watu waliofundishwa, afungwe vizuri, azikwe upesi, na karamu ya matanga isiwepo. Jamaa wanasikia kwamba wamenyang'anywa mtu wao. Na Mkristu anauliza: kuzika wafu si tendo la huruma? Tobiti hakuacha chakula chake mezani akaenda kumzika mtu wa kabila lake aliyetupwa sokoni?

Tujibu kwa kutenganisha mambo. Kanisa ladai mfu azikwe kwa heshima, aombewe, mwili wake usidharauliwe, kwa kuwa ulikuwa hekalu la Roho Mtakatifu nao utafufuka. Kuoshwa kwa mikono ya jamaa ni desturi njema, yenye upendo ndani yake, lakini si sakramenti. Ukiwa utaua walio hai, waweza kuachwa, na anayeuacha hamwachi mfu wake. Kadhalika chakula cha pamoja chaweza kungoja. Misa ya marehemu yaweza kuombwa baada ya mwezi, watu wakakutana bila hatari. Ndugu wa marehemu anayewaambia jamaa maneno hayo atatukanwa kwamba ni mwoga au bahili. Na avumilie.

Lakini ofisi nayo ina mpaka wake. Haina ruhusa ya kumbeba mtu kama gogo. Haina ruhusa ya kumzika bila jina, wala ya kuwafukuza wazazi wasisimame kwa mbali, wala ya kumzuia padri au katekista asiseme sala ya kaburi. Walioshughulika na Ebola walijifunza hayo kwa uchungu. Katika Afrika ya Magharibi, mwaka 2014, watu waliwaficha wafu wao na kuwapiga wazikaji, mpaka Shirika la Afya la Ulimwengu lilipoandika kanuni mpya, za maziko ya salama na ya heshima. Ebola ilipofika Mwenga, katika jimbo letu, mwezi Agosti 2019, neno hilo "heshima" lilikuwa limekwisha kuandikwa. Liliandikwa kwa kuwa watu wa kawaida walikataa. Basi hatuthubutu kusema kwamba kila anayekataa ni mjinga. Mara nyingine analinda kitu ambacho ofisi imekisahau.

Juu ya kuficha wagonjwa tutasema kwa ufupi. Anayemficha mwenye kipindupindu kwa aibu anamwibia jirani onyo lake. Na afisa anayepunguza hesabu ili mkubwa asikasirike, au anayeiongeza ili msaada uje, anatenda dhambi ile ile kwa kalamu. Hesabu ya wagonjwa ni neno la kweli linalodaiwa na watu wote.

Tuingie katika fedha, ambamo tunadhani donda lenyewe limo. Tangu miaka ya 1980 hazina ya serikali ilipodhoofika, santre nyingi za Kongo zinaishi kwa malipo ya wagonjwa. Muuguzi ambaye mshahara wake hauji, au waja kidogo, hula kwa kadi na dawa anazouza. Hatumlaumu, ana watoto. Lakini tazama matokeo yake. Mgonjwa hulipa, kwa kuwa anaumwa. Asiyeugua halipi, kwa kuwa hajui hata aliyemkinga. Hakuna mama atakayekwenda santre na faranga mkononi kusema: "Nimekuja kulipia kipindupindu ambacho mwanangu hakukipata." Basi kazi iliyo kubwa kuliko zote haina mnunuzi. Ukimwacha mlinzi wa afya aishi kwa soko, soko litamvuta kwa wagonjwa na kumtoa visimani, hata akiwa mtu mtakatifu. Hapo twafahamu kwa nini kazi hii ni deni la mfuko wa wote. Katiba ya mwaka 2006, katika vifungu vya 47 na 48, imekubali haki ya afya na ya maji ya kunywa. Sheria ya maji ya 31 Desemba 2015 imezitwisha serikali za majimbo na za mahali sehemu ya mzigo huo, na sheria ya afya ya 13 Desemba 2018 ikafuata. Baba Mtakatifu Yohane XXIII, mwaka 1963, alikwisha kuhesabu matunzo ya afya katika haki za mtu. Karatasi zipo. Klori haipatikani kwa karatasi.

Kwa miaka mingi wageni waliziba pengo. Madaktari Wasio na Mipaka walifanya kazi Baraka tangu 2003, wakatibu watu wa kipindupindu wasiohesabika, mpaka mwisho wa 2020 walipolazimika kuondoka kwa sababu ya mashambulio juu ya watumishi wao. Tuseme wazi: waliowashambulia waliwaibia maskini wa Fizi. Baraka inajua habari za wageni waliomwagiwa damu. Tarehe 28 Novemba 1964 Bruda Vittorio Faccin na Padri Luigi Carrara waliuawa hapa, na siku ile ile, kule Fizi, Padri Giovanni Didonè na Padri Albert Joubert. Kanisa liliwatangaza wenye heri kule Uvira tarehe 18 Agosti 2024. Lakini kuwaheshimu waliotufia si sababu ya kuwaachia wageni daima ulinzi wa maji yetu. Papa Pio XI alifundisha mwaka 1931 kwamba kundi kubwa lisilinyang'anye dogo kazi linaloiweza. Maneno hayo yana upande wa pili: kundi dogo lisiitupe kazi linaloiweza kwa kuwa lipo kubwa karibu.

Wengine watasema: "Serikali haitimizi deni lake, basi nasi hatudaiwi." Hoja hiyo twaisikia sana, na ina uchungu wa haki ndani yake. Ila tuipime. Kama mimi na wewe tulikuwa na mapatano ya biashara, ukiyavunja nami nafunguliwa. Lakini choo changu kikivuja, hakivuji katika kisima cha waziri. Kinavuja katika kisima cha mjane wa jirani, ambaye hakuvunja mapatano yoyote nami. Kwa hiyo twaweza kuidai zoni, jimbo na Kinshasa kwa nguvu zetu zote, kwa barua, kwa kura, kwa kinywa cha maaskofu wetu, na siku ile ile kuchimba choo.

Mashirika yetu ya Kikristu ya mtaa yana kitu ambacho daktari mkuu wa zoni hawezi kukinunua: yanajua kila mlango. Kiongozi wa shirika anajua nani amehamia juzi kutoka milimani, nani ana mgonjwa asiyetoka, familia gani huchota ziwani kwa kukosa fedha ya bomba. Padri Whitehead hakuwa na zaidi ya hayo. Reko na kiongozi wa shirika wakiandika katika daftari moja, na daftari hiyo ikafika santre kila Jumamosi, zoni itaona mapema kwa siku mbili au tatu, na katika ugonjwa huu siku mbili ni nyingi. Wengine wanaogopa kwamba Kanisa litageuka polisi wa choo. Hofu hiyo si ya bure, na twashauri daftari isiwe na neno la kuhukumu mtu: mahali, siku, idadi, basi. Jina abaki nalo kiongozi, kama anavyobaki na siri nyingine.

Limebaki jambo moja, nalo halmashauri za parokia hazijalijibu. Pale ufukoni alfajiri husimama mtu mwenye chupa ya klori na bomba la sindano, akitia kipimo katika kila bidoni ya lita 20, akiwaambia akina mama wangoje nusu saa kabla ya kunywa. Mara nyingi analipwa na msaada wenye mwanzo na mwisho. Msaada ukiisha, akina mama wanaendelea kuja na bidoni zao saa ile ile. Parokia yenye mashirika 20, kila shirika likitoa kidogo kwa mwezi, yaweza kumweka mtu huyo pale muda wa mvua nzima. Lakini tukimlipa sisi, je, hatutawapa wenye deni sababu ya kulisahau? Tumejadiliana juu ya hilo mara nyingi bila kupatana. Wenye kusema tulipe na wenye kusema tudai kwanza wote wana hoja, na wakati wanajadiliana bidoni zinajazwa. Sisi twaelekea kwa wale wanaosema tulipe, tuandike kila faranga, na mwisho wa mwaka tuipeleke hesabu hiyo kwa wakubwa wa mji na wa zoni, mbele ya watu, kama deni.